Laini ya Ng'ambo

"Fungua," afisa wa forodha alisema.

Zilpa Egesa aliikumbatia katoni yake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ukumbi wa forodha wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ulikuwa umejaa. Madereva wa malori walisimama kwa miguu iliyochoka, akina mama waliobeba trei za mayai kutoka Tororo walisukumana kwa viwiko, na mawakala walipita huku na huku na karatasi mikononi. Kutoka nje ilikuja harufu ya dizeli na ya chapati zinazokaangwa.

"Afande, ni vitu vya shule tu."

"Fungua, dada. Foleni ni ndefu."

Akafungua. Afisa akatia mkono, akatoa kitu kimoja kilichofungwa kwa gazeti, akalivua lile gazeti na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kipande cha mti wa mvule, kimechongwa na kulainishwa kwa msasa, na umbo lake lilijulikana na kila mtu ukumbini papo hapo.

"Yesu wangu!" alisema mama mmoja wa mayai, akafunika macho. Kisha akafungua vidole ili aone vizuri.

"Hii ni nini?" afisa aliuliza, na alipokwisha kuuliza alionekana kujuta.

Zilpa alikuwa amezoea kusimama mbele ya wanafunzi wenzake akaongea juu ya jambo lolote la mwili bila kupepesa. Siku hiyo aliokota lile gazeti na kuanza kulikunja.

"Hivyo ni vielelezo vya mafunzo, afande," sauti ilisema nyuma yake. "Vya mbao. Juzi si tulipitisha mifupa ya plastiki ya shule ya uuguzi? Ni jamii moja."

Msemaji alikuwa kijana mrefu mwembamba, shati la samawati lililopigwa pasi hadi mikono ikawa na mstari, na juu yake kizibao cha kijani cha mawakala. Uso wake haukuwa na hata chembe ya kicheko. Afisa akamtazama, akaitazama ile mbao, akairudisha haraka.

"Pita, dada. Pita. Na ufunike!"

Nje, kando ya foleni ya malori, Zilpa alivuta pumzi. "Asante, boss. Lakini ungeniokoa mapema kidogo."

"Nilikuwa nangoja nione kama atakuuliza inavyotumika."

Zilpa akacheka hadi katoni ikatikisika. Alikuwa amevaa koti fupi la kitenge cha manjano na jinzi, na misuko yake ilikuwa imefungwa juu kama kikapu. Kijana akasema jina lake ni Quinton Emorut, anafanya klaringi hapo Malaba, kupitisha mizigo ya watu forodhani, kwao ni Chakol.

"Na wewe unauza hizi kwa jumla ama rejareja?"

"Mimi ni mwanafunzi! Afya ya jamii, kampasi ya Busia. Tuna chama cha kufundisha wenzetu kuhusu miili yao, mapenzi, magonjwa, kondomu, hayo yote. Fundi wa Tororo anachonga vizuri kuliko wa kwetu."

"Huyo fundi ni mtu wa kujiamini sana."

"Quinton!" Zilpa alisema, tayari akimwita kama mtu waliyesoma naye shule ya msingi.

Kijana akambebea katoni hadi stendi, akaomba namba yake ya simu. Eti kama afisa angekuwa na swali lingine.

*

Mapenzi yao yalianza kwa simu, kwa sababu kati ya Malaba na Busia kuna mwendo, na kila mmoja alikuwa na kazi yake.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, mtu wa malori?"

"Mimi nitakula nikikuona."

"Basi utakonda mpaka Jumamosi."

Jumamosi Quinton alishuka Busia na viatu vya kahawia vilivyong'aa, akinukia sabuni. Walikula mbuta wa kukaanga na ugali wa wimbi kwenye hoteli moja ya samaki karibu na stendi, ambako mwenye hoteli alikuwa akipiga redio kwa nguvu na wateja wakapiga kelele juu yake. Quinton alimchagulia Zilpa minofu isiyo na miba. Alikuwa mtu wa kuuliza jambo na kusikiliza jibu lote. Siku moja alisema anataka kwenda Budalang'i kuwaona wazazi wake kabla mvua ndefu haijaharibu njia, na Zilpa akamwagikiwa na supu kwa furaha.

Lakini kulikuwa na kitu.

Kila walipofika mlangoni kwa Zilpa, Quinton alisimama. Jioni moja Cindy, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, alikuwa amesafiri. Zilpa alikuwa amevaa gauni la kijani lililombana kiunoni. Akamshika Quinton mkono.

"Ingia basi unywe chai."

Quinton aliutazama ule mlango kama mlango wa kituo cha polisi. "Kuna lori la chumvi linaningoja."

"Leo?"

"Leo, mpenzi. Pole." Na akaenda.

Cindy aliporudi akasimuliwa, alipiga makofi mara moja. "Lori la chumvi Jumamosi jioni? Huyo ana bibi."

"Acha hizo, Cindy."

"Mwanaume wa mpaka ana bibi huku na bibi ng'ambo, na mwingine amemwacha kwa mama yake. Muulize!"

"Nitamuuliza."

Hakumuuliza. Aliogopa jibu. Badala yake alianza kunusa kola ya shati lake wakikumbatiana, na wakiongea kwa simu alitega sikio kama kuna mtoto analia nyuma.

Hakukuwa na bibi wala mtoto. Quinton alikuwa mwanaume wa karibu miaka thelathini ambaye hakutahiriwa. Babake hakutahiriwa, wala babu yake. Kwa wazee wa kwao halikuwa jambo la kuzungumziwa. Lakini alipopelekwa shule ya bweni, wavulana wa makabila mengine walimkuta bafuni, wakaitana waje waone. Tangu hapo alioga peke yake, na tangu hapo aliamini kwamba mwanamke yeyote atakayemwona atawaita wenzake. Na sasa alikuwa amempenda mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuongea juu ya mambo hayo kwa kipaza sauti. Alikuwa amejipa moyo kwamba labda mtu wa namna hiyo ndiye wa kuambiwa. Alikuwa akitafuta siku.

*

Chama cha akina Zilpa kilikuwa na siku yake kila mwezi kwenye kampasi, iliyoitwa Jumatano ya Maswali. Walisimamisha hema nyuma ya kantini. Upande mmoja palikuwa na wauguzi wa kupima virusi, upande mwingine meza ya vielelezo, na katikati viti vya plastiki na kipaza sauti. Wahubiri wa mjini walisema wanafunzi wanafundishana uzinzi. Akina mama wa kantini walisema hivyohivyo, kisha wakasogeza sufuria zao karibu wasikie.

Jumatano moja Quinton alimaliza kazi mapema, akanunua kitenge cha zawadi, akaja bila kusema. Alikaa nyuma kabisa. Zilpa alikuwa mbele, ameshika kipaza sauti, na Quinton akaona fahari ikimpanda kifuani.

Kisha ukaja mchezo wa kuigiza. Obura, mwenyekiti wa chama na mchekeshaji wao, aliingia amevaa sweta ambalo mikono yake ilivutwa ikafika magotini. Msichana mmoja akajifanya daktari.

"Mzee, nipe mkono nikusalimie."

"Nakupa, daktari. Utafute ndani huko!"

Hema likalipuka. Obura akawa anatikisa ile mikono mitupu ya sweta, akisema kwao hakuna makasi, na wanafunzi wakapiga viti. Mchezo ulikusudiwa kuwahimiza wanaume waende hospitali. Zilpa alicheka na kipaza sauti kikiwa mdomoni, na kicheko chake kikatoka kwenye spika zote mbili, kikubwa kuliko cha mtu yeyote.

Quinton aliondoka na kitenge chake kwapani.

*

Jumamosi alikuja, lakini hakuwa yule. Alikula kichwa chini. Kabla hawajamaliza, simu ikalia ndani ya mkoba wa Zilpa, na haikuwa mlio aliouzoea. Zilpa akachungulia, akainuka, akaenda kusimama mbali karibu na jiko, akaongea kwa kunong'ona.

"Nani huyo?" Quinton aliuliza aliporudi.

"Kazi tu."

"Una simu ngapi?"

"Mpenzi, ni kazi. Kula samaki."

Huo ulikuwa ukweli, ila ukweli uliofungwa mdomo. Chama kilikuwa na namba ya simu iliyobandikwa kwenye milango ya vyoo vya kampasi, nayo iliitwa Sikio. Mwanafunzi mwenye aibu alipiga au kuandika bila kutaja jina. Mwanzoni walitumia laini ya Kenya, lakini wanafunzi wakafanya ule ujanja wa kila mtu: unajifanya unamtumia mwenye namba pesa kwa simu, jina lake linatokea, unajua ni nani. Basi wakanunua laini ya Uganda, ambayo ujanja huo hauifikii. Sheria ikawekwa kwamba anayeishika hasemi kwamba anaishika, hata kwa anayelala naye chumba kimoja. Zilpa ndiye aliyeishika. Obura peke yake alijua.

Quinton alimpelekea jambo hilo Okeyo, wakala mwenzake mzee pale Malaba.

"Laini ya ng'ambo, tena anaongea akinong'ona?" Okeyo alisema, akichokoa meno. "Ndugu yangu, hata ng'ombe wa Malaba wanajua hiyo ni ya nini."

Jumamosi iliyofuata, Zilpa alipokwenda kunawa, Quinton alifanya jambo ambalo hakuwahi kufikiri angelifanya. Alitoa ile simu ya pili mkobani, akajipigia, kisha akafuta. Jioni akajaribu ujanja wa pesa. Jina halikutokea. Basi kesho yake akavuka, akanunua laini ya Uganda na kabambe, simu ndogo ya vitufe ya kuitilia, akapiga.

"Hapa ni Sikio," sauti ya Zilpa ilisema, laini, isiyo na haraka. "Hatuulizi jina. Sema polepole, nakusikia."

Akakata. Aliijua Sikio, aliiona hata kwenye mabango ya hema Jumatano ile. Mtu mwingine angetosheka hapo, lakini shaka ikishalishwa sahani moja huomba ya pili. Je, kama ni kisingizio? Akaandika: "Sauti yako tamu. Vuka nikununulie soda."

Jibu likaja: "Sikio halinywi soda. Una swali?"

"Swali langu ni kama una mpenzi."

"Hilo si la Sikio. Ukiwa na lingine, tupo."

"Na nikikuahidi makubwa?"

"Nitaifunga namba yako, kaka yangu."

Quinton akacheka peke yake hadi Okeyo akamgeukia. Ingekuwa vyema angeitupa ile kabambe siku hiyo. Hakuitupa. Alasiri moja mvua ilinyesha, malori hayakwenda popote, na maji yalipiga mabati ya ofisi hadi watu wakaacha kuongea. Akaketi pembeni, akaandika polepole, na mara hii hakuwa anamtega mtu.

"Samahani kwa zile jumbe. Mimi ni mwanaume mzima. Sijatahiriwa, kwetu si desturi. Nampenda msichana na namkimbia kila akinikaribia. Akijua, atanicheka?"

Zilpa alikuwa maktabani. Aliusoma ujumbe, akaweka kalamu chini.

"Asante kwa kuuliza," alijibu. "Hilo halipimi uanaume wa mtu. Ukitaka, hospitali huwafanyia hata watu wazima. Hupunguza hatari ya magonjwa fulani, ingawa kondomu bado inahitajika. Usipotaka, ni mwili wako. Lakini kwa nini unadhani atacheka?"

"Alikuwa kwenye mchezo wenu wa sweta. Alicheka."

Zilpa alikaa akiutazama ule mstari. Wasichana wote walicheka siku ile. Lakini aliisikia tena sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika. Akatoka nje chini ya varanda na, kwa ile simu yake ya kawaida, akampigia mtu aliyempigia kila alipokuwa na uzito.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Kazini. Mvua imetufungia."

"Leo nimejua nimeumiza mtu. Wala sikukusudia." Sauti yake ilikatika, akavuta kamasi.

Quinton aliifunika kabambe kwa kiganja. "Nani?"

"Siwezi kusema. Hata simjui."

"Ulimfanya nini?"

"Nilicheka."

Quinton aliitazama mvua ikitiririka dirishani. Hapo ndipo mlango wa kukiri ulipokuwa wazi, na Quinton aliuona.

"Mwombe msamaha," alisema.

"Nitamwomba. Quinton, mbona umenyamaza hivyo? Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Na huyo ninayemsikia akicheka?"

"Ni Okeyo."

"Okeyo ana sauti ya mwanamke?"

"Akicheka, ndiyo."

Zilpa akakata simu akiwa hajaamini. Baada ya muda kabambe ikatikisika: "Na mimi nilicheka siku ile. Nisamehe. Mchezo huo hautachezwa tena." Quinton akaketi juu ya gunia la mtu, akausoma hadi Okeyo akamuuliza kama kuna msiba.

Obura hakupenda. "Huo ndio mchezo wetu bora, Zilpa! Watu walicheka hadi wakalia."

"Kuna mmoja hakucheka."

"Nani?"

"Obura. Tangu lini tunaulizana hivyo?"

*

Jumamosi hiyo hoteli ya samaki ilikuwa na watu tele. Zilpa alikuwa amevaa blauzi nyeupe yenye ua begani. Alikuwa na wasiwasi mara mbili: juu ya Quinton na ule mcheko wa kike wa kwenye simu, na juu ya mtu wa Sikio, ambaye asubuhi alikuwa ameandika: "Nianze na hospitali au nimwambie kwanza?"

Quinton akainuka kwenda kunawa mikono, akaacha koti lake kwenye kiti. Zilpa akaona ni nafasi ya kumjibu yule mtu. Akaandika: "Mwambie kwanza. Akikucheka, hakuwa wako." Akatuma.

Koti likatikisika.

Akalitazama. Simu ya Quinton, ile kubwa, ilikuwa mezani kando ya chumvi. Basi ana nyingine, alifikiri. Bibi wa Chakol. Akatia mkono mfukoni, akatoa kabambe, na kwenye kioo chake kidogo akasoma maneno yake mwenyewe.

Quinton alirudi na mikono inayotiririka maji. Akaiona kabambe mezani, ujumbe ukiwa wazi kwenye kioo. Hakukaa.

"Zilpa."

"Soda," Zilpa alisema. "Wewe ndiye wa soda."

"Nilikuwa naogopa. Uliongea ukinong'ona, nikadhani una mtu. Halafu nikajua ni nini, halafu… nikashindwa kutoka."

"Ulinichukulia namba wapi?" Alipoona anatazama mkoba, akajibu mwenyewe. "Mkobani mwangu."

"Ulisema nimwambie kwanza. Basi nakuambia."

"Hukuniambia. Nimekukuta!"

Watu wa meza ya jirani wakapunguza kutafuna.

"Na wewe ulinicheka," Quinton alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuja na zawadi, nikakaa nyuma, nikakusikia kwenye spika mbili."

Hilo lilimchoma Zilpa, ikaonekana. "Nilikosa. Nikaomba msamaha kwa mtu nisiyemjua. Wewe ulinijua. Nilikupigia nikilia na wewe ulijua nalilia nini, ukaniambia ni Okeyo." Akaanza kukusanya vitu vyake. "Watoto wa watu wananiletea mambo ambayo hawajamwambia hata mama yao. Wanaamini hakuna mtu ameketi hapo kwa uongo. Na mimi nilikuwa nimemleta, nikimpa busu kila Jumamosi."

"Na safari ya Budalang'i?"

"Nimpeleke kwa baba yangu mtu anayetega masikio mlangoni?"

Akaondoka. Samaki hakuguswa.

Jumatatu alimrudishia Obura laini ya Sikio. Alisema tu kwamba haifai tena kukaa kwake. Obura alifungua mdomo kuuliza, akakumbuka, akaufunga.

Malaba, Quinton alikuwa akikosea hata majina ya madereva. Siku ya tatu Okeyo akamfungia mlango wa ofisi. "Sema. Umefukuzwa?"

Quinton akasema yote, pamoja na lile ambalo hakuwahi kumwambia mwanaume yeyote. Aliposema hilo, alingoja kicheko. Okeyo akachokoa meno kwa muda.

"Mimi nilikwenda hospitali nikiwa na watoto watatu," alisema. "Bibi yangu ndiye alinisindikiza. Kabla ya hapo watoto walikuja vipi, kwa posta?" Kisha akawa na haya kidogo. "Na yale niliyokuambia kuhusu laini ya ng'ambo, mimi ni mzee mjinga. Lakini mkobani uliingia mwenyewe."

"Najua."

"Basi nenda umwambie kwa mdomo, watu wakiwepo. Ulimchungulia kwa kujificha. Ukienda kumbembeleza pembeni atadhani ni mtego mwingine."

*

Jumatano ya Maswali iliyofuata, Zilpa alisimama mbele amevaa gauni la kijani na uso wa mtu asiyelala vizuri. Alianza na kitu kisichokuwa kwenye ratiba.

"Mara ya mwisho tuliigiza mchezo wa sweta," alisema. "Tulimcheka mtu kwa mwili wake, kisha tukamwambia aje kwetu tumsaidie. Mimi nilicheka kuliko wote. Nawaomba msamaha walioumia."

Wengine wakatazamana. Zilpa akaita maswali. Msichana mmoja akauliza kuhusu sindano ya kupanga uzazi, akajibiwa. Kisha mkono ukainuka nyuma kabisa, mkono wa shati la samawati lenye mstari.

Zilpa aliiona ile pasi kabla ya kuuona uso. Alikuwa na kipaza sauti, angeweza kumruka. Cindy, kwenye safu ya mbele, alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu: usimpe.

"Swali," Zilpa alisema, kama anavyomwambia mtu yeyote.

"Naitwa Quinton Emorut, kwetu Chakol. Mimi si mwanafunzi." Alikuwa akishikilia kiti kilichokuwa mbele yake. "Mimi ni mmoja wa wale waliosemwa kwenye mchezo wa sweta."

Mvulana mmoja akacheka puani. Obura akasimama. "Wee! Nyamaza. Sweta lilikuwa langu, ukitaka kucheka njoo unicheke mimi."

Quinton akaendelea. "Niliona aibu kumwambia msichana wangu. Na kwa sababu mimi nilikuwa nikimficha, niliona yeye pia ananificha. Nikaingia kwenye vitu vyake bila ruhusa. Nikajifanya mtu mwingine nimjaribu. Nikakuta hana kosa, na bado nikaendelea."

Zilpa alingoja. Sasa atasema, alifikiri. Sasa atalitaja Sikio, na hema zima litajua ni nani aliyekuwa akijibu, na kila mwanafunzi aliyewahi kuandika usiku wa hofu yake atanitazama na kukimbia. Obura pia alikuwa amekauka mahali aliposimama.

Quinton hakulitaja. Alilizunguka kama mtu anayezunguka kitanda cha mgonjwa gizani, akatoka upande wa pili bila kugusa chochote. Mwenyewe alikuwa amejivua nguo zote mbele ya watu. Siri ya Zilpa aliiacha imefunikwa.

"Swali langu," Quinton alisema, "ni kwamba mtu kama huyo anaanza wapi?"

Kipaza sauti kilinguruma kidogo mkononi mwa Zilpa.

"Anaanza kwa kuuliza anachotaka kujua," alisema hatimaye. "Kwa mdomo. Halafu anangoja jibu, hata likikawia. Na hapati jibu kwa sababu tu ameuliza vizuri." Akageuka. "Swali lingine."

*

Baadaye, watu walipokuwa wakikusanya viti, Quinton alikuwa bado amesimama pale nyuma. Zilpa akamwendea. Hakumpa mkono.

"Hukusema," alisema.

"Haikuwa yangu kusema."

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Na nimeirudisha. Umenifanya niirudishe, na niliipenda kazi ile."

Quinton akainamisha kichwa. Hakujaribu kujitetea. Zilpa akaona kwamba hakujaribu.

"Na mimi nina swali," akasema. "Nimekaa nalo tangu lori la chumvi. Una bibi Chakol?"

"Bibi?"

"Jibu."

"Zilpa, Chakol nina mama na mbuzi. Wewe ulidhani… miezi yote hii?"

"Nimekuwa nikinusa mashati yako."

Quinton akaanza kucheka, akajizuia, akaona yeye pia anajizuia. Hawakuweza. Akina mama wa kantini wakageuka.

"Usicheke, sijakuamini," Zilpa alisema, akifuta macho. "Nakushuku bado. Ila angalau nimekuuliza. Piga simu kwa mama yako. Hapa, mbele yangu. Weka sauti nisikie."

Akapiga. Mama akapokea kwa Kiteso, kwa sauti ya mtu aliye shambani, na Quinton akamwambia kwa Kiswahili kuna mtu anataka kumsalimia. Zilpa akaichukua simu.

"Shikamoo, mama. Naitwa Zilpa."

"Marahaba!" Kisha sauti ikawa ya mashaka. "Wewe ndiye yule bibi anayemficha huko Malaba? Majirani wanamsema kila siku. Mwanaume mzima hana mtu? Nikawaambia huyo amemficha."

Zilpa akamtazama Quinton, aliyekuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Hapana, mama," alisema taratibu. "Huyo wa Malaba simjui. Mimi ni wa Busia."

"Ati wako wawili?"

"Mama, hapana!" Quinton alipaza sauti, akaruka kuinyakua simu. Lakini Zilpa alikuwa amekwisha kumgeuzia mgongo, ameziba sikio la pili kwa kidole, akiuliza Jumapili kanisa la Chakol hutoka saa ngapi, na kama mama angependa aletewe samaki mbichi au wa kukaanga.